Turbo ya Baba Mudogo

Juzi nilikuwa nampimia mteja mchele dukani kwangu, gari ndogo ikapita ikipanda kilima, na ndani ya mngurumo wake kulikuwa na mluzi. Mluzi mwembamba, unaopanda pamoja na mwendo, halafu unakatika kwa pumzi fupi pale shofere anapobadilisha vitesi, yaani gia. Mkono wangu ukasimama na kopo hewani, mchele ukaendelea kumwagika. Mteja, mama mmoja ambaye hana subira hata kanisani, akaniambia, "Mama, muchele yako inaenda chini, ao unalisha kuku?" Nikacheka, maana ningelia mbele yake, kesho soko zima lingejua.

Ilikuwa turbo. Vijana wa leo wakiusikia mluzi huo wanageuza shingo kwa furaha, mimi naingia ndani. Nyinyi mliokua Bunia pamoja na siye mnajua kwamba kila nyumba ilikuwa na sauti moja isiyotakiwa kukumbushwa. Kwa wengine ni simu inayolia asubuhi mno, kwa wengine ni mbwa. Kwetu ni mluzi huo, na sijawahi kuwaeleza watoto wangu kwa nini nafunga dirisha.

Papa alikuwa mekanisie. Garaji yake ilikuwa lupango letu lenyewe, ua wa nyumba yetu. Pale ambapo majirani walipanda maua, siye tulikuwa na shimo la kuingilia chini ya magari, na kati ya mikaratusi miwili kulikuwa na boriti yenye mnyororo wa kunyanyulia moteri. Udongo ulikuwa mweusi kwa mafuta. Mama aliupiga vita udongo ule kwa sabuni miaka yote ya ndoa yake, akashindwa, na nguo zetu za Jumapili zilinuka gari hata zikianikwa kutwa. Shuleni waliniita Mademoiselle Mazuti, yaani Binti Dizeli. Niliwapiga waliokuwa wadogo kuliko mimi, waliokuwa wakubwa niliwatukana nikiwa nimeshakimbia.

Mdogo wake Papa, baba mudogo Nesto, aliishi nyumba ya nyuma katika lupango hilo hilo pamoja na mkewe, Furaha. Ndugu hao wawili walikuwa na gari moja, ndogo, nyeupe, yenye mlango mmoja wa kijani. Waliinunua baada ya koko, baba yao, kufariki na kuwaachia ng'ombe wachache kule Djugu. Kazi walizigawana bila kujadiliana: Papa anaitengeneza, Nesto anaiendesha. Alibeba mama za biashara hadi Fataki, akarudi na viazi na makabichi, na barabara ikiwa na amani alifika Mahagi-Port, akatuletea samaki wakavu ambao harufu yao ilikaa kwenye viti juma zima.

Mimi nilipewa jina la mama yao. Kwa hiyo baba mudogo aliniita mama, na hakuwa anacheza. Akitoka safari alichuchumaa mbele yangu na kusema, "Mama, mutoto wako amerudi. Kuko chakula?" Nami, meno ya mbele yameng'oka, nilimjibu kwa ukali niliousikia kwa wanawake wa jirani: "Nawa mikono kwanza." Alinawa. Mtu mzima mwenye ndevu alikwenda kunawa kwa amri yangu. Nilimpenda kuliko nilivyompenda Papa, na Papa alijua.

Sasa, barabara ya Fataki inapanda, inashuka bonde, inapanda tena zaidi. Huko juu kuna baridi na hewa ni nyepesi, na moteri ndogo iliyobebeshwa watu na magunia inachoka kama mtu anayepanda kilima huku anaongea. Na huko juu kuna pahali ambapo shofere hapendi kuchelewa. Sitaeleza, mnajua. Watu walikuwa wanatoka porini, siku nyingine wanataka simu na pesa, siku nyingine hawajulikani wanataka nini.

Ndiyo maana magari madogo yalikuwa na desturi yake. Asubuhi yalikusanyika mwisho wa mji na kungojana, kisha yakapanda yote kwa mstari, na mwendo ulikuwa wa yule aliye dhaifu kupita wote. Mmoja akipasuka mupira, wote wanasimama. Mmoja akichemsha radiatere, wote wanatoa maji yao ya kunywa. Mstari huo waliuita mukia. Majeep ya wakubwa yaliwapita na kuwamwagia vumbi, wala hawakujali. Shofere aliyetoka ndani ya mukia akaenda peke yake alitazamwa kama mtu aliyejifungia chumbani na sufuria ya nyama. Gari yetu, kwa udhaifu wake, mara nyingi ndiyo iliyokuwa inangojwa, na jambo hilo lilimuuma Nesto rohoni.

Siku moja alirudi na kitu kizito kimefungwa ndani ya kikwembe cha Furaha. Alikipata Aru, kwa rafiki yake muuza piesi zilizotumika, yaani vipuri. Akasogeza sahani, akakifungua juu ya meza ya chakula. Chuma kimejiviringa, kina mdomo mmoja pembeni na mwingine katikati.

"Ni konokono," nilisema.

"Ni turbo, mama. Lakini umesema kweli, iko sawa na konokono."

Nikashindwa kuelewa mdudu wa polepole namna ile atawezaje kuipa gari mbio. Nesto akanieleza kwa subira, kidole chake kikifuata mzunguko wa chuma. Moshi unaotoka kwenye moteri unapita hapa na kuzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo linazungusha lingine huku, na hili linakamata hewa na kuisukuma ndani ya moteri kwa nguvu. Moteri ikila hewa nyingi inachoma mafuta vizuri, na gari inapanda kilima kama haijabeba mtu.

Papa alikinyanyua. Akaingiza kidole kidogo mdomoni mwa kile chuma, akazungusha gurudumu, akaweka sikio. Alifanya hivyo muda mrefu. "Iko nzima," akasema, akakirudisha mezani. "Lakini haitaingia mu hii gari."

Hapo ndipo vita vilianza, na vilikuwa vita vya chakula cha mchana. Nesto alisema kule juu moteri inakosa hewa na turbo ndiyo dawa yake. Papa alisema moteri ile ilizaliwa ikivuta hewa yenyewe, na mtu asiilazimishe. Yeye atainyoa kilasi kidogo, yaani kile kifuniko cha chuma kilicho juu ya moteri, ili hewa ibanwe zaidi. Atasafisha na kupanua njia ya kuingilia hewa na ya kutokea moshi, atatia buji mupya, plagi za kuwasha moto. Nguvu itatoka humo humo ndani.

"Yaya, utapata nguvu ya kupita baiskeli," Nesto alimwambia; yaya ndivyo alivyomwita kaka yake.

"Baiskeli inafikaka."

"Inafikaka kesho yake."

"Inafikaka."

Papa alikuwa na sababu mpya kila siku. Leo joto: turbo itapika moteri. Kesho esansi, petroli ya chupa za kando ya barabara, ambayo imechanganywa na mafuta ya taa, moteri itagonga na pistoni itatoboka. Keshokutwa freni: breki ni za gari ndogo, unatia mbio za nini? Nesto alijibu kila moja. Alikuwa amejifunza kwa huyo rafiki wa Aru, akajua radiatere gani itatosha na esansi gani anunue. Mama aliwasikiliza huku anapepeta mchele. "Nyinyi wawili," alisema, "mungekuwa mumepewa mimba, mutoto angezaliwa, angeota meno, angeoa, na mungali munabishana njia ya kumutoa." Furaha alicheka hadi akatoka nje. Papa hakucheka.

Mimi nilikuwa upande wa konokono. Na nilikuwa nimeshapata maelezo yangu kuhusu Papa: ana wivu. Nesto alijulikana kila kituo kuanzia Bunia hadi ziwani, wanawake walimletea ndizi dirishani, na Papa alikuwa anatoka chini ya gari akiwa mweusi kama chungu. Sasa Nesto atakuwa na gari ya mbio, na mtu wa kwenye shimo hataki. Mtoto akishapata maelezo kama hayo anatembea nayo kila mahali. Niliyathibitisha kwa kila neno Papa alilotamka.

Papa alishinda mara ya kwanza, kwa sababu ni yaya, na yaya akisema mara ya mwisho imekwisha. Turbo ikarudi ndani ya kikwembe, ikawekwa chini ya kitanda cha Furaha. Papa akaifungua moteri. Kilasi akaipeleka kwa fundi wa mjini mwenye mashine ya kunyoa chuma, na njia za hewa akazisugua mwenyewe kwa msasa, siku baada ya siku, mpaka ndani zikang'aa kama kijiko cha wageni. Alipoiwasha, sauti ilikuwa nyingine, kavu, yenye afya. Nesto alikwenda nayo Fataki na kurudi, akasema bila choyo, "Imekuwa muzuri, yaya. Kweli imekuwa muzuri." Papa alitembea siku nzima akipiga miluzi ya nyimbo za kanisa.

Asubuhi za safari zilikuwa na sheria zake kwetu. Mtu anayeondoka haulizwi kama atarudi. Haambiwi ajiangalie, hatajiwi porini wala watu wa porini, na hasa haambiwi kwamba unaogopa. Koko alituachia hilo pamoja na ng'ombe: ukimpa msafiri woga wako, unamfungulia mabaya njia. Unamwambia, "Usalimie kule," basi. Mara moja nilimuuliza Nesto kama watu wabaya wako bado barabarani. Mama alinifinya mkono mpaka nikaona rangi, na Furaha akamwaga kijichungu cha maji mlangoni kufuta neno langu. Nesto mwenyewe alinicheka. Lakini Papa alinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa, kama mtu aliyeibiwa kitu mfukoni.

Halafu ikaja siku ya yule mama wa Fataki. Alikuwa ameshindwa kujifungua, wauguzi wakasema apelekwe Bunia haraka, na gari iliyokuwapo ni ya Nesto. Walipanda mgonjwa, mume wake, na mama mkwe aliyemshika kichwa. Moteri ya Papa ilifanya yote iliyoweza. Kwenye vilima vile virefu ilienda kwa vitesi ya kwanza, mguu wa Nesto umegusa chini, na yule mama akilalamika nyuma, halafu akinyamaza. Yule mama alipona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa, na daktari akasema tu, "Mngefika mapema kidogo."

Nesto aliingia lupango bila kuchuchumaa mbele yangu. Alitoa kiti cha nyuma akakiosha, Furaha akimwagia maji. Maji yalikuwa yameshatoka safi na bado alisugua. Papa alisimama pembeni ameshika kitambaa. Kisha Nesto, bila kuinua kichwa, akasema, "Yaya, tia ile kitu."

Papa akaitia. Hakubisha neno moja. Na sikilizeni, aliitia vizuri, kama anavyofanya mtu anayependa kazi yake hata akiichukia. Akaweka jointi, gasketi nene, chini ya kilasi ili kurudisha nafasi aliyokuwa ameinyoa. Akatafuta radiatere kubwa zaidi, akavuta bomba la mafuta mpaka kwenye turbo, akabadilisha na freni za mbele. Akamfundisha Nesto kwamba akifika asizime gari papo hapo, aiache ingurume kidogo ili konokono apoe. Alimfundisha tena na tena mpaka Nesto akasema, "Yaya, nimesikia, mi si mutoto."

Jinsi nilivyofurahi siku ile ya kwanza siwezi kuficha hata leo. Nesto alinipakia mbele, tukatoka mjini kidogo, na kilima kilipoanza mluzi ukaanza, na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Nilipiga kelele. Nesto alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na nilidhani ni upepo. Leo nafikiri alikuwa anamhesabia yule mtoto wa Fataki njia, kwamba kwa mwendo huu angefika.

Mwanzoni alibaki katika mukia. Alipanda mbele, akasimama juu kileleni, akawangoja wenzake wafike wakitweta. Kisha akawa anatoka ndani ya mukia siku akiwa na mgonjwa tu, na hakuna aliyemlaumu. Wagonjwa wengi walifika hospitali kwa gari ile, wako watu wanaotembea Bunia leo kwa sababu ya konokono yule. Lakini mtu akishaonja kwenda bila kungoja, kungoja kunakuwa kazi. Akaanza kuondoka peke yake akiwa na abiria wa kawaida, na baadaye akiwa na makabichi.

Muzee Jozefu, shofere wa zamani kuliko wote katika mukia, alikuja nyumbani siku ya Jumapili. Alikunywa chai yote kwanza. "Mudogo yako hangojaki tena," akamwambia Papa. "Siye hatuna kinyongo naye. Tunasema tu."

Jioni hiyo jua lingali juu Papa alimwita Nesto kwenye gari. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, nikasikia yote. Papa alisema turbo inakunywa mafuta ya moteri. Akienda mbio vile, mafuta yatapungua, moteri itashika, itakwama kabisa. Apunguze. Aende na wenzake, polepole, mafuta yasipungue.

Nesto alifungua boneti, akavuta kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakiingiza, akakivuta tena. Akakiinua mbele ya macho ya kaka yake. "Yaya, angalia. Imejaa."

Papa alikiangalia muda mrefu. "Angalia tena kesho," akasema.

Nesto akacheka kidogo, akamgusa bega, akaenda zake kula. Papa alibaki ameegemea boneti, kijiti mkononi. Nami juu ya tairi langu nikajisemea: huyo, amekosa la kusema, wivu umemwishia. Nilimwonea hata aibu.

Siku yenyewe haikuwa na kitu cha kuitofautisha. Umande ulikuwa mzito, Furaha alimfungia Nesto mihogo na karanga. Hakukuwa na mgonjwa. Alikuwa anakwenda Fataki kuleta viazi. Papa alimwambia, "Usalimie kule." Mama akasema hivyo hivyo. Mukia ulikuwa unakusanyika mwisho wa mji, walituambia baadaye, naye alipita, akapiga honi ya salamu, akapanda. Waliusikia ule mluzi hadi ukapotea.

Mchana, nilipokuwa nacheza njiani na watoto wa jirani, niliona magari yanakuja. Yote madogo, kwa mstari, polepole mno, taa zimewashwa na jua linawaka. Katikati yao ilikuwa gari yetu, mlango wa kijani, muzee Jozefu ndiye aliyeshika usukani. Kwetu Bunia magari yakija kwa mstari na taa mchana, ni harusi. Nikakimbia ndani nikiita, "Mama, bibi-harusi anakuja, na gari yetu iko ndani." Nikarudi barabarani, nikapiga vigelegele. Watoto wenzangu wakaitikia. Tulipiga vigelegele mpaka gari ya kwanza ikasimama mbele yetu, na nikaona kwamba hakuna aliyepiga honi, na kwamba mashofere wote wamevua kofia.

Walimkuta Nesto kando ya barabara, mahali pale pale ambapo shofere hapendi kuchelewa. Moteri ilikuwa inanguruma bado. Hakuna piesi iliyovunjika, hakuna mafuta yaliyopungua. Kama watu wa porini walimpiga risasi kwa sababu hakusimama ao kwa sababu alisimama, hatukujua, na hatutajua. Alikuwa peke yake, na wenzake walikuwa nyuma, si mbali sana, mwendo wa yule aliye dhaifu.

Matanga yalijaza lupango. Wanawake walikaa kwenye mikeka na Furaha katikati yao, kichwa kimefungwa. Wanaume walikaa kuzunguka moto. Nilipita katikati ya miguu yao, nikitafuta mtu atakayeniita mama, na hakuna aliyeniita. Katika mazungumzo yale ya kupoza muda, mzee mmoja wa ukoo akasema, kwa huruma, akitaka kumfariji Papa: "Umufanye nini? Ulimukataza. Ulimukataza siku mingi, watu wote ni mashahidi. Sikio la kufa halisikii dawa." Wengine wakaguna kukubali. Ndiyo, kaka yake alimukataza ile turbo.

Papa akasimama. Alikwenda kwenye gari, akafungua boneti, akaanza kufungua turbo, mbele ya waombolezaji wote, akiwa na koti lake la kanisani. Alijichubua vidole, hakusimama. Mtu alitaka kumzuia, muzee Jozefu akasema mwacheni, anaadhibu kile chuma kilichomwua ndugu yake. Mimi pia niliamini hivyo. Nilichukua jiwe nikalitupia lile konokono lilipoanguka chini.

Moteri ilirudishwa kama zamani, bila turbo, gari ikauzwa. Furaha alirudi kwa wazazi wake Aru matanga yalipokwisha, alinikumbatia, na baadaye tukasikia ameolewa huko, Mungu amsaidie. Papa aliendelea na garaji yake. Vijana walipomletea turbo aliwatuma kwa wengine. Walimcheka, walidhani ni ushirikina wa wazee. Siye nyumbani hatukumuuliza miaka hiyo yote, na jina la Nesto lilitajwa kwa sala tu.

Nilimuuliza nikiwa nimeshazaa, mwaka ule miguu yake ilipokataa. Nilimletea uji, akawa anakunywa uani, mgongo umeelekea jua. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu shimo lilikuwa limefukiwa na Mama alikuwa hatimaye amepanda maua.

"Papa, ile turbo ilikuwa na kosa gani?"

Akanywa funda moja la uji.

"Haikuwa na kosa," akasema. "Ilikuwa turbo muzuri. Nilijua ile siku ya kwanza, kwa kidole tu."

"Na joto? Na ile esansi ya chupa? Na mafuta kupungua?"

"Nilikuwa natafuta. Kila asubuhi natafuta sababu ingine. Ile moteri ilikuwa inaweza, mi ndiye nilikuwa siwezi."

"Hukuweza nini?"

"Kumuona anaenda bila wenzake. Gari ikiwa zaifu, atangoja na watangoja yeye. Gari ikiwa na nguvu, nani atamungoja? Nilikuwa naogopa, mwanangu. Woga nilikuwa naficha mu moteri. Lakini mutu wa safari unamuambia namna gani kama unaogopa? Siye hatukufundishwa. Basi nikamuambia mafuta."

Nilimwambia lile ambalo kila mtu angesema, kwamba Nesto alikuwa mkaidi, kwamba hata angeambiwa asingesikia. Papa alitikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika, na hakujaribu kuyafuta.

"Yeye? Tangu utoto, kitu nilimuomba hakunikatalia hata moja. Ningesema, Nesto, naogopa, ungoje wenzako, angengoja. Angenicheka, lakini angengoja. Mi sikumuomba. Nilishindana naye moteri, na kwa moteri alikuwa na haki." Akanipa kikombe, uji ulikuwa nusu. "Walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio yake ilikuwa nzima kabisa. Dawa ndiyo sikumupa."